Bati Lenye Pindo

6 Februari

Kwa dada yangu, mshonaji wa mji mzima pamoja na vitongoji vyake,

Kabla hujauliza: nakula, nalala, na nywele nimenyoa. Simu usinipigie. Ilitumbukia kwenye beseni la oili chafu hapa gereji, na sasa inateleza hata ikiwa imelala mezani. Ndiyo maana nakuandikia, na barua nampa dereva wa lori la magodoro anayepita kwenu. Huyo dereva ukimwona amenuna usijali, ndiyo sura aliyopewa.

Mzee Nyundo, bosi wangu, hajambo. Bado anapiga kelele kama gari lisilo na ekzosi, lakini siku hizi ananisikiliza. Si sifa, ni ukweli: hapa mimi ndiye mkono wake wa kulia. Bila mimi magari ya mji huu yangebaki yamepondeka kama makopo.

Mama msalimie. Mwambie kuwa... aa, usimwambie kitu. Msalimie tu.

Sasa tuje kwenye jambo. Umeniandikia kurasa mbili za vifungo na sare za shule, halafu mwisho kabisa, kwa herufi za kuchungulia, ukasema: "Jiwe la barabara ya machimbo limeng'oa lile plastiki la chini ya gari, ila gari linatembea." Dada! Hata kuku aliyechinjwa hutembea!

Lile plastiki si pambo. Juu yake ipo sampu, yaani bakuli linaloshika oili ya injini, na ubavu wake ni mwembamba kama sufuria ya chai. Kigari chako kimeinama chini kama kinatafuta sindano. Jiwe moja likigonga sampu, oili yote inamwagika, injini inauma meno, na haifungui tena. Na wewe ndiye unayempeleka Mama hospitali kila wiki kwa barabara hiyohiyo. Si uliniambia daktari wa viungo alisema mguu wa kushoto ukikosa mazoezi miezi hii, baada ya kile kiharusi, utasahau kazi yake kabisa? Basi gari likifa, mguu nao umekufa.

Usinunue plastiki jingine. Nitakutengenezea la chuma. Nipimie tu chini ya gari, vipimo vyote na matundu ya bolti. Na usithubutu kuingia chini ya gari lililosimama kwa jeki peke yake. Jeki ni kama wale wachumba wako wawili wa kwanza: inaonekana imara mpaka uilalie karibu.

Mdogo wako,
Spana


27 Februari

Wewe Spana usiye na adabu,

Tumepokea salamu zako. Huku tuko salama. Paka amezaa ndani ya kapu la vitambaa vya bitana, na nimemwachia, maana ukimgusa anakuonyesha kucha kama mwenye duka. Mama hajambo.

Wachumba wangu waache walikokwenda. Wewe uliyeacha shule kidato cha pili kwa sababu, nakunukuu, "madawati yanaumiza mgongo," leo unalala chini ya malori. Mgongo umepona?

Nimepima. Jeki sikuitumia. Mbele ya duka langu pana mtaro mpana wa maji, na sasa ni mkavu. Fundi ndoo wa jirani aliweka mbao mbili nene, nikalipandisha gari juu, nami nikaingia mtaroni kwa chini nikiwa na futi yangu, chaki, na karatasi kubwa ya kukatia nguo. Wateja walikuwa wanafika na kuita, "Fundi yuko wapi?" Fundi ndoo anawajibu, "Fundi yuko chini, anampima mteja." Mama mmoja aliinama, akaona miguu yangu inatoka chini ya bampa, akashika kifua. Nikamwambia, "Acha kitambaa mezani, gauni lako liko tayari Ijumaa."

Sijui kuandika vipimo vya bati, kwa hiyo nimekukatia pateni, kama ya nguo. Imekunjwa humu. Upande wenye chaki nyekundu unatazama ardhi, usije ukaligeuza ukatuletea gauni lililovaliwa nje ndani. Vile viduara ni mahali pa bolti, nimevipima mara mbili. Duara kubwa ni kile kifuniko cha kumwagia oili.

Wiki iliyopita hospitali hatukwenda. Mvua imefukua mawe mapya, na nilipoyaona niligeuza gari.

Fanya haraka. Na uandike vizuri, macho yangu ni ya kushonea, si ya kufumbua mafumbo.

Dada yako


20 Machi

Dada,

Salamu kwa paka na wanawe. Hapa tuko wazima. Dereva wa magodoro alichelewesha pateni yako, akasema aliisahau chini ya kiti. Nikamwuliza kama kuna watoto aliowasahau huko pia. Hakucheka.

Pateni yako iliposhuka hapa gereji, Mzee Nyundo aliitandaza juu ya boneti, akaizunguka, akauliza, "Hili gauni la nani? Bibi harusi ana mabega mapana." Nikamwambia, "Ni la kigari cha dada yangu." Akaitazama tena, halafu akasema, "Huyu dada yako angekuja yeye, wewe ukabaki kushona." Mzee ana utani mwingi siku hizi.

Kazi nimeifanya. Chuma nimetoa kwenye mlango wa lori lililokufa hapa uani, kizuri, si nyama ya sambusa kama zile plastiki. Nimechora kufuata pateni yako, nimekata, nimetoboa matundu yote kwa drili, na tundu kubwa la oili nimeliwekea kifuniko chake. Halafu, kwa akili zangu mwenyewe na bila kufundishwa na mtu, nimechana mistari ya kupitishia hewa, maana injini nayo hupumua. Ukiiziba chini yote itapata joto kama mtu aliyefunikwa mablanketi mchana.

Nimefanya na jambo jingine la kiume. Nimeongeza upana wa kidole kimoja pande zote nje ya mstari wako. Bati likipungua haliongezeki, Dada. Likizidi ndiyo usalama. Fundi wa kweli hujua hilo.

Linakuja na lori la magodoro. Usilifunge mwenyewe, mwite fundi ndoo. Mpelekeni Mama hospitali wiki hiyohiyo.

Spana


11 Aprili

Spana,

Tunakusalimu. Kitoto kimoja cha paka kimehamia kwenye droo ya nyuzi. Mama yupo.

Umetuma meza.

Sikutanii. Fundi ndoo aliingia mtaroni, akalinyanyua lile bati kwa mikono na kichwa kama mtu anayebeba kabati. Matundu yote ya bolti yakakaa mahali pake, hapo nakupa sifa yako, ile uliyokwisha kujipa. Lakini upande wa kulia linakumbatia bomba la ekzosi, na upande wa kushoto nikizungusha usukani tairi linalikwaruza. Nimejaribu mpaka mwisho wa barabara yetu tu. Linaimba! Watoto walikimbia nyuma wakidhani ni muuza aiskrimu.

Nikachukua futi, nikapima. Limezidi vidole viwili kila upande. Vidole viwili! Nikakaa kitako mtaroni nikafikiri. Mimi katika pateni niliongeza kidole kimoja cha nafasi ya mshono, kama mtu yeyote mwenye akili timamu anayekata kitu. Sasa wewe uliongeza cha nini? Chuma kinashonwa wapi? Na mimi nilikuwa nashona nini huko chini? Fundi ndoo alinitazama nikijisemea peke yangu, akaondoka taratibu.

Nakwambia wazi sasa, maana "hajambo" zangu zimekwisha. Mama hajaenda hospitali tangu barua yangu ya mwisho. Kutwa anakaa dirishani. Daktari wa viungo ametuma ujumbe: mapema Juni atampima mguu. Akiona haujitahidi, atampa kiti cha magurudumu na kufunga faili lake la mazoezi. Huko machimboni mawe yamekuwa makubwa kama vichwa vya mbuzi, na mimi sithubutu kupita na sampu iliyo wazi.

Mkasi wa bati wa fundi ndoo umeazimwa; ukirudi mwisho wa mwezi, anakata hivyo vidole viwili vyote.

Na kwa nini mwandiko wa barua yako ulikuwa umelala upande kama umelewa? Umeandika kwa mkono gani?

Dada yako


24 Aprili

Dada, USIKATE!

Nimemwomba dereva wa magodoro asilale njiani. Nimemwambia ni suala la kufa na kupona. Akaniuliza, "La nani?" Nikamwambia, "La bati." Ameondoka akitikisa kichwa.

Salamu zitafuata mwishoni, leo tunaanza na kazi. Ukikata kwa mkasi utabaki na ukingo mkali kama wembe karibu na tairi. Tairi litaliwa, na bati litaendelea kuimba. Unalikunja. Vile vidole viwili unavigeuza ndani, unavilaza, kama unavyofanya chini ya suruali ya shule. Unatia pindo, Dada!

Nilipomsomea Mzee Nyundo barua yako alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitambaa cha grisi, sasa ana uso kama beberu. Akasema, "Hawa ndugu wawili wamelivisha gari nguo yenye mishono miwili." Alipomaliza kucheka akanishika bega akaniambia, "Kijana, bati tupu huimba. Bati lenye pindo hunyamaza." Kumbe lilikuwa linaimba kwa sababu ukingo wake ni legelege. Nilijua, nilikuwa nangoja aseme yeye.

Sasa sikiliza. Chora mstari wa chaki pale ulipotaka liishie, ile nafasi yako ya mshono usiihesabu. Kona zikate mshazari kama unavyokata kona za kola, zisirundikane. Fundi ndoo aliweke ukingoni mwa chuma kirefu kilichonyooka, apige kwa nyundo ya mti, polepole, kutoka katikati kwenda pembeni. Akipiga kwa hasira litapinda kama mkeka. Yeye anakunja midomo ya ndoo kila siku, haya ni maji ya kunywa kwake. Kati ya bati na gari mweke vipande vya mpira wa tyubu kuukuu. Bolti zote zishikishwe kwa mkono kwanza, hakuna kukaza. Zikishashika zote, kaza kwa zamu, moja huku, moja ng'ambo.

Mwandiko? Kalamu ilikuwa mbovu. Huu wa leo umenyooka, umeona? Basi.

Mkipata tu pindo, Mama kwenye gari. Usimpe nafasi ya kujibu.

Salamu ndizo hizi.

Spana


15 Mei

Mdogo wangu,

Tunamshukuru Mungu. Mvua zimepungua. Paka amewahamisha watoto wote, hakuaga.

Bati limekaa. Fundi ndoo alikunja, mimi nilikata kona, na kona zangu ni nzuri kuliko za koti la mkuu wa shule. Alipokaza bolti ya mwisho aligonga chini kwa ngumi, likatoa sauti nzito, kama mtu aliyeshiba. Nimekwenda nalo peke yangu hadi machimboni na kurudi. Jiwe moja liligonga. Nikasimama, nikachungulia: mkwaruzo tu, sampu haina habari. Wala haliimbi. Kwa mara ya kwanza maishani nimesikia gari langu likinyamaza.

Kwa hiyo kazi yako ni nzuri. Nimeandika mara moja, sirudii.

Lakini Mama hataki kwenda.

Anasema amechoka kubebwa na watu asiowajua, kuingizwa na kutolewa kama gunia. Anasema mguu umeshaamua, tuuache. Nimembembeleza, nimefoka, nimelia. Jana nilimwambia, "Mama, lile bati amelitengeneza Spana kwa mikono yake." Aligeuza uso dirishani. Unajua ulivyoacha shule ukaondoka hapa nyumbani, na unajua tangu siku hiyo jina lako hajalitaja. Basi hata jana hakulitaja.

Daktari anatungoja wiki ya kwanza ya Juni. Sijui nimfanyeje. Wewe mwenye maneno mengi, una lolote?

Dada yako


24 Mei

Dada,

Shikamoo. Leo sina utani.

Nimekaa na karatasi hii tangu mchana. Mzee Nyundo alinipita, akaona sijaandika kitu, akaniletea kiti, nami nilikuwa nimekaa juu ya tairi siku zote bila yeye kujali.

Maneno yangu mengi ni ya kwako. Ya Mama sina. Angalau mwambie hivi, na umwambie ukiwa unafanya kazi nyingine, usimkazie macho:

Mwambie bati halijakaguliwa. Wewe ulipolijaribu ulikuwa peke yako, gari likiwa jepesi. Kazi ya chuma haijulikani mpaka kiti cha mbele kikaliwe na mtu, gari lishuke uzito wake, lipite mawe. Na anayekagua awe na sikio. Wewe huna, cherehani imeliharibu. Fundi ndoo naye kutwa anagonga. Mwambie Mama kuwa yeye ndiye aliyekuwa akilala chumbani, mlango umefungwa, na akisikia mfuniko wa sufuria ukinyanyuliwa jikoni anaita, "Rudisha nyama!" Hakuna sikio kama hilo nchi nzima.

Mwambie kijana hana uhakika na kazi yake. Kwamba hili ndilo bati la kwanza alilolikata mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho. Kwamba anahitaji mkaguzi, na kazi mbaya aambiwe ni mbaya.

Hospitali usiitaje. Barabara ya machimbo inafika mlangoni mwake yenyewe.

Spana


8 Juni

Spana wangu,

Kaa kitako. Sina salamu, nina habari.

Nilimwambia maneno yako nikiwa naingiza uzi kwenye sindano. Alinigeukia kutoka dirishani. Halafu akasema, "La kwanza kabisa?" Nikamwambia, "La kwanza." Akasema, "Na mlilifunga bila kukaguliwa? Nipe kitenge changu."

Tukamweka kiti cha mbele. Njiani kichwa amekiinamisha, mkono juu, kila nikitaka kusema ananinyamazisha. "Hapo kuna kitu kinalia." "Ni kiti, Mama." "Nimesema kinalia, sikusema ni bati. Endesha."

Tukafika machimboni. Nilikwepa jiwe la kwanza, nikakwepa la pili, la tatu likanikwepa mimi likaingia katikati. Puu! Gari zima liliruka. Nikakanyaga breki. Nikafunga macho, nikawa nangoja kusikia oili ikimwagika.

Nilisikia mlango.

Nilipofungua macho Mama hakuwa kitini. Alikuwa nje, ameshika mlango, anatembea. Anatembea, Spana! Mguu wa kushoto anauburuta, anauweka, anauburuta, mkono uko juu ya boneti. Nikapiga kelele, "Mama, mguu!" Akanijibu bila kunitazama, "Mguu gani? Nyamaza, nasikiliza." Akafika mbele ya gari, akajishika kwenye bampa, akainama, akapitisha kidole ukingoni kwa ndani ya pindo, mwendo wote, kama mimi ninavyokagua mshono. Akanusa kidole. Hakuna oili. Akabaki ameinama hapo kwa muda. Nilidhani ameshindwa kuinuka, nikashuka mbio. Kumbe alikuwa anafuta macho.

Akasema, "Limeshika."

Halafu akasema, "Upande huu wa kushoto mwanangu hakupiga msasa. Umeniparua. Mwambie kazi haikabidhiwi hivyo."

Tulipofika daktari alimtaka anyooshe mguu. Mama akamwambia hana haja ya kunyoosha, mguu umekuja ukitembea. Daktari hakuamini, akamsimamisha. Ulitetemeka, ulikataa, ulikubali. Bado ni kazi ndefu, amesema, na fimbo itakuwepo kwa miezi. Ila kiti cha magurudumu kimerudishwa kilikotoka, na faili halikufungwa. Kila wiki tutakwenda.

Naye amesema kila wiki atakaa mbele, asikilize.

Dada yako


19 Juni

Mama,

Shikamoo. Mikono yangu haijazoea kukuandikia, kwa hiyo nitakuwa mfupi, jambo ambalo Dada ataliita muujiza wa pili.

Nimepokea ripoti ya mkaguzi. Upande wa kushoto sikupiga msasa, ni kweli. Nilikuwa nimejikata mkono kwa mkasi wa bati nikaharakisha, na Dada asijue. Kidole chako kilichoparuzwa kipake mafuta. Mzee Nyundo nimemsomea malalamiko yako, akasema mteja ana haki, fundi akamalizie kazi yake mwenyewe, na amenipa ruhusa pamoja na msasa wa aina mbili.

Nitapanda lori la magodoro Ijumaa. Dereva amesema nilale nyuma kwenye mzigo, kwa hiyo nitafika nimelala vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kufika hapo nyumbani.

Nitabisha hodi Jumamosi asubuhi. Dada akikimbilia mlangoni mzuie, mwambie arudi kwenye cherehani yake. Fundi ndoo naye asiguse kitasa. Mimi sina haraka, nitasimama hapo nje hata jua likinigeuza makaa. Nataka nikusikie ukija: mguu mmoja, fimbo, mguu wa pili. Chukua muda wako wote, Mama, ila unifungulie wewe.

Mwanao